Semina bila mabadiliko ya kanuni?

Nimesoma makala inayosifu washauri nasaha wa shule za Marekani wanaohudhuria semina za kupinga ubaguzi wa rangi. Sawa, ila ubaguzi wenyewe umo kwenye ratiba. Neno la mshauri mara nyingi ndilo linaloamua nani asome hesabu za juu. Mwanangu alifika huku Marekani kutoka Bukavu akiwa hodari wa hesabu, akawekwa darasa la chini kwa lafudhi yake tu. Kuuliza, tukajibiwa ndio utaratibu!

Na adhabu je? Wakaguzi wa Bunge la Marekani, GAO, walionyesha mwaka 2018 kwamba wanafunzi weusi walikuwa asilimia 15.5 ya wanafunzi wa shule za umma lakini asilimia 39 ya waliosimamishwa masomo. Kila shule inazo takwimu zake. Mshauri azichambue kwa rangi, azifikishe kwa mkuu na bodi, adai kanuni zibadilishwe. Bila shaka apunguziwe mzigo pia: chama cha washauri hao, ASCA, kinapendekeza wanafunzi 250 kwa mshauri mmoja, shule nyingi zimepita hapo zamani, na bado wanatwishwa kusimamia mitihani.