Bakteria anayevumilia magadi si lazima amfae mkulima

Ukishuka kutoka vihamba vya Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hadi mashamba ya tambarare, upande wa Kahe, unakutana na udongo mwingine kabisa. Kiangazi kikikolea, baadhi ya mashamba hufanya utando mweupe wa chumvi ya magadi, na maharage hudumaa. Hapo ndipo mabishano huanza. Je, tuwategemee raizobia wenyeji, bakteria wanaofanya vinundu kwenye mizizi ya maharage na kuipatia mimea naitrojeni? Au tulete wa pakiti, wale wanaopakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda?

Wanaowatetea wenyeji wana hoja nzito. Bakteria hana pa kukimbilia, kwa hiyo hujirekebisha. Chumvi ikizidi, huwasha jeni za kutengeneza trehalosi na betaini ili maji yasimtoke, huku pampu za kwenye utando wake zikisukuma sodiamu nje. Mabadiliko ya kudumu huja kwa njia nyingine. Kosa dogo katika kunakili DNA likimsaidia kuishi, huenea kwa wazao wake. Au hupokea jeni kutoka kwa jirani, mara nyingi kwa plasmidi, kipande cha DNA kinachohama kutoka seli moja hadi nyingine. Bakteria wengi wamepata kwa njia hiyo hata uwezo wa kustahimili shaba, iliyomo kwenye mrututu tunaopulizia kahawa.

Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni kurukia hitimisho kwamba mvumilivu ndiye mfanyakazi bora. Mazingira magumu humchuja bakteria kwa kigezo kimoja: amebaki hai au amekufa. Hayaangalii kama analisha maharage, na kazi hiyo ni ghali. Kugeuza molekuli moja tu ya naitrojeni ya hewani hula angalau molekuli 16 za ATP, yaani nishati ya seli. Zaidi ya hapo, kwa raizobia wengi wa maharage jeni za kufanya vinundu zimo kwenye plasmidi, na joto kali limewahi kuwafanya baadhi ya raizobia wapoteze plasmidi ya namna hiyo. Bakteria anabaki mzima udongoni, lakini mharage haumpati tena.

Wa pakiti nao wana mipaka yao. CIAT 899, aina maarufu iliyotoka kwenye vinundu vya maharage huko Colombia, inasifika kwa kustahimili joto na tindikali. Lakini magadi ni kinyume cha tindikali, na sifa hiyo haimhakikishii chochote mkulima wa Kahe. Tena wageni hawakai peke yao. Mwaka 1995 watafiti wa New Zealand walieleza jinsi raizobia mmoja wa mmea wa malisho uitwao lotusi alivyopelekwa kwenye ardhi isiyokuwa na raizobia wa mmea huo. Miaka michache baadaye, vinundu vingi vilikuwa na bakteria wenyeji waliopokea kwake kipande kikubwa cha DNA chenye jeni za kufanya vinundu. Habari njema, ungesema. Huko Australia, kwa mmea wa malisho uitwao biserula, jambo kama hilo lilitokea, ila baadhi ya wenyeji waliopokea jeni hizo walifanya vinundu bila kuupatia mmea naitrojeni ya maana.

Kwa hiyo mimi ningewachagua wenyeji, lakini kwa kuwapima. Maharage yakianza kutoa maua, chimbua mche taratibu, suuza mizizi, pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa na wekundu, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hakina msaada. Bakteria wakusanywe kutoka vinundu vyekundu vya shamba lenye chumvi, kisha wajaribiwe kwenye udongo uleule, kwa mbegu zilezile. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Selian na Taasisi ya sayansi ya Nelson Mandela pale Arusha ziko karibu vya kutosha kwa kazi hiyo.

Ila bakteria asibebeshwe mzigo usio wake. Kwa kawaida mharage wenyewe hushindwa na chumvi mapema kuliko raizobia wake, kwa hiyo shamba lililokwisha kushika magadi linahitaji kwanza jasi, maji mazuri ya kulisafisha na mtaro wa kuyatoa.