Kantri ya Oklahoma na masikio yaliyozoea Jim Reeves

Kila nikimwekea shabiki wa kantri hapa Kenya albamu ya mwaka 2015 ya Turnpike Troubadours, bendi ya Oklahoma iliyoipa albamu hiyo jina lake yenyewe, jibu huwa karibu lile lile: kelele hizi za nini? Kantri ni Jim Reeves.

Si jibu la kipuuzi. Aliyekua akimsikia Reeves, mwimbaji yule wa Marekani, redioni amezoea mtu anayemnong'oneza sikioni, piano ikidondosha noti moja moja kwa mbali. Turnpike wanapiga ngoma kwa nguvu, gitaa la umeme linakwaruza, na mwimbaji wao, Evan Felker, anayameza maneno kwa lafudhi ya kwao. Tena visa vyake vimejaa majina ya kaunti na njia panda ambazo msikilizaji wa Eldoret hana habari nazo. Hapo sina ubishi. "Doreen", wimbo walioazima kwa bendi ya Old 97's, hata mimi huuruka.

Ninachokikataa ni ile nyongeza: kwamba hawa wameiacha asili.

Hebu sikiliza tena "He'll Have to Go", wimbo wa Reeves uliorekodiwa mwaka 1959. Tafuta fidla. Haipo. Tafuta lile gitaa la kutelezeshwa chuma juu ya nyuzi, linalolia kama mfiwa. Nalo halipo. Kuna piano, vaibrafoni (vipande vya chuma vinavyogongwa) na waitikiaji laini wa Anita Kerr. Haikuwa bahati mbaya. Roki ilikuwa imewavuta wasikilizaji, na Nashville, makao ya biashara ya kantri, mtayarishaji Chet Atkins akiwa mbele, ikaviweka kando vyombo vya mashambani ili santuri zinunuliwe na watu wa mjini pia. Kwa hiyo hiki tunachokiita kantri ya asili kilikuwa pop ya siku zake! Bado naupenda wimbo ule, na usiku nauweka mwenyewe bila kuombwa. Ila kuufanya kipimo cha asili, hapana.

Sasa rudi Oklahoma. "The Bird Hunters" unafunguliwa na fidla ya Kyle Nix, na tangu hapo fidla haiondoki. Mwanamume amerudi Cherokee County baada ya mapenzi kuvunjika, na yuko mawindoni na rafiki yake Danny. Anazungumzia mbwa, bunduki, ndege wanaoruka. Majonzi anayagusa kwa mbali tu, na mengine fidla inamsemea. Mtu wa Mombasa aliyelelewa na taarab hahitaji kufundishwa hilo: mwimbaji akinyamaza, fidla hujibu. Hata yale majina ya mahali yanayowachosha wengi ni desturi ya zamani ya muziki huu, ambao ulianza kama habari za watu wa sehemu fulani wakiimbiana wao kwa wao. Reeves alipolainishwa ili asikike kila mahali, kijiji ndicho kilichofutwa kwanza.

Wimbo wa mwisho wa albamu unaitwa "Bossier City", mji ulio ng'ambo ya mto Red kutoka Shreveport. Shreveport ndiko Reeves alikotangaza redioni na kuimba katika kipindi cha Louisiana Hayride, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla hajashusha sauti. "Mexican Joe" wa 1953 ni wa wakati huo: wa mbio, wa mzaha, hauna mnong'ono hata chembe. Mwekee yule shabiki wako, usimwambie anayeimba ni nani.