Mbwa Marufuku, Mimi Ruksa

Daktari aliniambia nitembee. Basi, hilo tu. Mtu niliyezaliwa Lushoto, ambako kufuata kiberiti dukani ni kushuka mlima mmoja na kupanda mwingine, sikuona cha kubishana. Kosa langu ni kufika nyumbani na kumsimulia Mama Zawadi.

"Jumamosi tunapanda mlima," akasema, simu tayari iko mkononi.

Sasa hapa Phoenix, Arizona, tunakaa bondeni kama chapati kwenye kikaango. Wenyeji wanapaita Bonde la Jua, na wanalitaja jina hilo kwa fahari, kama mtu anayejisifia madeni. Julai 2023 mchana ulifika nyuzi 43 na zaidi kwa siku 31 mfululizo. Na milima yenyewe haiko mbali, useme nauli imenishinda. Imechomoza katikati ya mji, unaitazama ukiwa kwenye taa za barabarani.

Mama Zawadi akachagua Camelback, yaani mgongo wa ngamia. Picha nzuri ajabu. Mimi nikasoma maelezo chini ya picha, maana kwenye ndoa lazima mmoja asome. Njia ya Echo Canyon haifiki kilomita mbili kwenda, lakini katika hizo unapanda kimo cha mita 390 hivi, na kuna mahali wameweka vyuma vya kushikilia. Mlima wa kutembelea mikono! Tena zimamoto huwa wanakwenda kuwaopoa watu huko kwa helikopta. Nikamwonyesha.

"Si unaona," akasema, "huduma ipo."

Siku za onyo la joto kali, jiji linafunga njia za mlima huo tangu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Hapo nikaanza kuwapenda. Lakini wana sheria nyingine: joto likigonga nyuzi 38 hivi, mbwa marufuku kwenye njia za milimani. Ukionekana naye, ni kesi. Mimi mwenye presha, magoti ya mwaka 1971 na watu wanaonitegemea hadi Tanga, ruksa. Nilisimama mbele ya kibao nikajitafuta hata kwa maandishi madogo. Simo. Mbwa ana mtetezi, mimi nina Mama Zawadi.

Kwa hiyo huku unachagua saa kwanza, njia baadaye. Tukaondoka nyumbani saa kumi alfajiri, nikijua tutakuwa sisi na nyoka tu. Loo! Foleni ya magari imefika barabarani, watu wamevaa kaptula za kubana, wanaruka-ruka kujinyoosha, na maegesho yenyewe ni kiduchu. Tukakosa nafasi. Nilisikitika kwa sauti kubwa ili asikie.

Tukaenda Papago. Kule kuna mwamba mwekundu una tundu kubwa juu. Unapanda dakika chache, unakaa kivulini, unaona mji wote. Hiyo ndiyo njia, jamani. Aliyeichonga alikuwa na mke. Nilikuwa nimeshafungua maandazi pale Mama Zawadi alipomwona mtoto wa chekechea akitupita mbio, na bibi yake nyuma.

"Hii ngazi," akasema. "Wiki ijayo South Mountain."

South Mountain ni bustani ya jiji, lakini usidanganyike na neno bustani. Ina zaidi ya hekta 6,000. Kukojoa tu unahitaji ramani. Huko ndiko nilikofahamiana na chola, mmea mmoja hivi wa jamii ya dungusi, wenye miiba ya dhahabu kama manyoya ya kifaranga. Ukiugusa kidogo tu, kipande kinakatika kinahamia kwako, na ukikitoa kwa mkono kinahamia mkononi. Dawa yake ni kitana: unakipitisha katikati, unakirusha mbali. Kwa hiyo mimi, mwenye upara tangu harusi, sasa natembea na kitana. Juzi kilidondoka msikitini, watu wakanitazama kwa huruma.

Jirani yetu Papa Bahati, Mkongo wa Fizi, nilimwalika ili tuteseke wawili. Akaweka kikombe chini.

"Ndugu yangu, miye nilishatembea yangu yote. Kutoka kwetu mpaka ku ziwa, nikavuka, nikafika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Sasa unataka nitembee tena, na hakuna mwenye ananifukuza?"

Sikuwa na jibu. Akaniwashia feni.

Lakini Jumamosi hii nilikwenda na akili. Kuna ushauri mmoja wa wapanda milima wa huku ambao nimeukariri kuliko wote: maji yakifika nusu, geuza urudi. Tulipofika tu, kabla sijafunga mlango wa gari, nikainua chupa yangu nikapiga mafunda saba ya nguvu. Nikamwonyesha.

"Mama Zawadi, nusu. Tungeendelea, lakini usalama kwanza."

Hakunijibu. Alizunguka nyuma, akafungua buti. Katoni mbili za maji, na barafu juu.