Misumari mitatu

Mwenye nyumba wangu ni mtu mwema, isipokuwa kwenye habari ya misumari. Siku ananikabidhi funguo hapa Isevya alinizungusha kuta zote zilizopakwa rangi mpya, akasema, "Mwanangu, misumari mitatu. Ukipiga wa nne hatutaelewana." Chumba na sebule, sebule yenyewe futi kumi kwa kumi, misumari mitatu. Nikakubali, kodi ilikuwa nzuri.

Sebule za ukubwa huo nimeingia nyingi hapa Tabora, na karibu zote zimebeba seti ileile: kochi la watu watatu, la wawili, la mmoja, meza ya kioo katikati, kabati la tivii. Mgeni anapita kwa ubavu kama anatafuta siti ya nyuma kwenye daladala. Mezani kuna maua ya plastiki yenye vumbi la tangu kiangazi, ukutani stika ya maporomoko ya maji ya nchi asiyoijua mtu. Sina ugomvi na plastiki. Ndoo zangu ni za plastiki na zitabaki hivyo. Kinachonikera ni kwamba tunaishi katikati ya miombo, mkoa ambao asali na mbao zake zinasafiri nchi nzima, halafu tunaagiza Kariakoo picha ya msitu.

Basi nikauza makochi mawili, nikabaki na moja. Mahali palipobaki wazi nikatandika mkeka wa ukindu niliounyakua safari moja ya Ujiji, na kando yake nikaweka benchi fupi la mninga.

Hilo benchi lina hadithi yake. Mninga ni mti ambao ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu, na mafundi wanaupenda kwa sababu mbao zake zikishakauka hazipindipindi. Ndiyo maana pia umekatwa mno. Sikutaka kuagiza ubao mpya, nikamwendea fundi seremala anayechonga milango nikamwomba mabaki. Alinitazama kama naomba kuni. Vipande vitano, vingine na ufa, aliniuzia kwa bei ya soda chache, na kwa hela kidogo zaidi akaviunga. Vanishi nilikataa. Nilinunua nta kwa mama anayechuja asali, nikaiyeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, maana nta ukiibandika juu ya moto wenyewe inaweza kuwaka. Nikaepua, nikatoka nje mbali na jiko, nikatia tapentaini kidogo na kukoroga. Ikipoa inakuwa kama mafuta ya mgando. Unapaka kwa kitambaa, unaacha usiku kucha, asubuhi unasugua mpaka bega liume. Harufu ya tapentaini ikishatoka, sebule nzima inanukia mzinga.

Chini ya dirisha kuna mtungi, umekaa kwenye kata ya majani. Kuta zetu si zile nene za udongo za tembe la Kwihara alikokaa Livingstone mwaka 1872. Ni tofali za saruji zinazokunywa jua mchana na kulitapika usiku. Oktoba, kabla mvua hazijashuka, mtungi ule ndio friji yangu. Maji yanapenya taratibu kwenye udongo, yanakauka kwa nje, na yakikauka yanaondoka na joto. Novemba hewa ikishapata unyevu unapungua makali, lakini unywaji wake bado ni mtamu.

Ikabaki misumari. Wa kwanza nikatundika ungo mpana. Wa pili, vibuyu vitatu vya shingo ndefu. Wa tatu, magunzi sita ya mahindi na maganda yake, nimeyasuka pamoja kama nilivyoona kwenye simu. Nikapiga picha, nikajisifu.

Mwezi wa saba akaja shangazi kutoka Sikonge. Nikampokea mzigo. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu." Akaingia, akasimama katikati ya mkeka, akautazama ukuta muda mrefu.

"Hivi ni vya nani?"

"Vyangu, shangazi. Mapambo."

"Mapambo," akarudia. Akaketi ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri zamu yake. Halafu, kwa sauti ya chini, "Umeianza lini kazi hii?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Ilinichukua dakika nzima kuelewa. Kibuyu ni kifaa cha mganga. Ungo ndio usafiri wa mchawi. Nilikuwa nimevitundika pamoja, ukuta mmoja, tena mbele ya mlango.

Tulipokula ndipo aliponiambia lile lililonikaa zaidi kuliko uchawi. Vitu hivi yeye alivitumia mpaka vikamchosha: maji ya kuchota na mtungi, maziwa ya kutikisa kwenye kibuyu, ungo asubuhi na jioni. Kwake kochi la kitambaa ni kupumzika. Mimi niliyekulia kwenye jiko la gesi ndiye ninayeweza kuuona ungo kama pambo. Hapo sikuwa na jibu, na mpaka leo naona ana haki. Watu wanaoandika kuhusu nyumba za "vitu vya asili" mara nyingi hawajawahi kulazimika kuvitumia.

Ila kesho yake nilipoushusha ungo kuchagua mchele, uso wake ulibadilika. Akaninyang'anya. Akaupindua, akapitisha kidole ukingoni kuona ulivyofungwa, akasema aliyeusuka anajua kazi. Akapepeta mwenyewe, mawe yakaenda kando kana kwamba yameitwa. Tangu siku ile nimejiwekea sharti: kitu kisichoshuka ukutani kufanya kazi hakistahili msumari, maana nina mitatu tu.

Sharti hilo liliukuta msumari wa tatu vibaya. Shangazi ndiye aliyeona unga mweupe kwenye kochi, chini ya yale mahindi. Akaugusa, akatikisa gunzi moja, likamwagika kama chujio. "Scania hawa." Dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati; Afrika alionekana kwanza mkoani kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakampa jina la lori. Anakula mahindi na muhogo mkavu, na hata mbao anatoboa. Mkoa uliompokea dumuzi kabla ya wengine wote, na mimi nikamtundikia chakula ukutani, hatua mbili kutoka benchi langu la mninga. Tulibeba magunzi mpaka jalalani tukayachoma. Benchi nililikagua kwa tochi mguu kwa mguu, lilikuwa salama. Vibuyu na mkeka vilishinda juani siku nzima, na sasa huanikwa kila mwezi.

Shangazi alipoondoka alichukua kibuyu kimoja, kile kikubwa, akisema kwake kitapata kazi. Msumari wa tatu bado uko wazi. Yeye anapendekeza kalenda.