Fungu Liacheni, Mizani Ipelekeni Kwenye Gunia

Kila wazo la kuliboresha soko linapozuka hapa Kigoma, kitu cha kwanza kutajwa ni mizani. Choo hakitajwi, maji hayatajwi, na kivuli ndiyo kabisa. Wasemaji wenyewe nawajua. Ni watu wa kijiweni pale Mwanga, kahawa mkononi, na wengi wao nyanya za nyumbani kwao hununuliwa na mtu mwingine. Wanasema mama wa mafungu anatupunja, mji unaojiheshimu unauza kwa kilo, na fungu ni mabaki ya ushamba. Mimi wikendi zangu zinaishia sokoni, na nasema hapana. Mizani ina kazi yake, lakini kazi hiyo haiko pale kwenye turubai la mama.

Nayasema haya kiangazi kwa makusudi, kwa sababu ndipo soko letu linapochangamka. Mvua zikishakatika, vilima vya nyuma ya mji hugeuka kahawia, na moshi wa mioto ya porini hutanda juu ya ziwa hadi milima ya Kongo ng'ambo isionekane. Barabara za vijijini zinapitika. Jumamosi alfajiri maboti ya vijiji vya kaskazini, upande wa Gombe, huingia Kibirizi yamesheheni dagaa, madumu ya mawese na mikungu ya ndizi. Magari ya Kalinzi na Kasulu nayo hushusha maharage, viazi na muhogo mkavu. Mboga hutoka Bonde la Luiche, chini ya Ujiji, ambako ardhi bado ina unyevu. Watumishi hawako kazini, waliokopa wiki nzima wamepata chochote Ijumaa, na ikifika saa mbili asubuhi huna pa kukanyaga.

Sasa angalia fungu linavyofanya kazi. Mwezi wa saba nyanya ni nyingi, kwa kuwa hakuna mvua ya kuziletea ukungu shambani. Mama anapanga tano chini na moja juu, fungu jero, yaani shilingi mia tano. Mvua zikirudi mwezi wa kumi na moja na nyanya zikianza kuoza shambani, jero ileile inapata tatu. Mchicha unakwenda kinyume chake: masika fungu limenona, lakini mwezi wa tisa, bonde likikauka na mkulima akimwagilia kwa ndoo, unapewa vijiti vya kuhesabu. Bei haijaguswa. Kilichobadilika ni ukubwa wa fungu, na kila mtu analiona. Mwenye jero yake anajua kabla hajatoka nyumbani kwamba mboga itapatikana, na kinachobaki ni kujua itakuwa kiasi gani.

Mpe huyohuyo mizani. Tuseme kilo ya nyanya ni elfu moja mia nane, na mimi nina jero. Tunaanza hesabu za gramu, nyanya kubwa inatolewa, ndogo inarudishwa, nyuma yangu watu wanaguna. Mwisho mama ananikatia kwa kukisia, yaani lilelile fungu, isipokuwa sasa ameshanunua mizani na analipia uhakiki wake kila mwaka. Gharama hiyo ataitoa wapi kama si kwenye nyanya zangu?

Halafu kuna mazungumzo, ambayo ndiyo sehemu ya kipimo chenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu nyanya."

"Hili fungu mbona limekonda?"

"Hilo nimewawekea wenye haraka. Chukua la nyuma, na pilipili nakuongezea."

Hakuna mizani yenye kitufe cha pilipili.

Mizani inaaibika hasa ikifika kwenye dagaa. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo uvuvi hufuata giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inabaki ufukweni, na siku chache baadaye ukipita sokoni unaona meza kuliko dagaa. Giza likirudi, mzigo unashuka alfajiri na kuanikwa, wengine juu ya chanja za wavu, wengine bado kwenye mchanga uleule wa ufukweni. Mtu anayejua kununua haanzi na bei. Anachota dagaa kiganjani, anawafikicha taratibu, anafungua vidole kuangalia kilichobaki kwenye mikunjo ya mkono. Kikiwa mchanga, anawarudisha. Anamvunja mmoja: aliyekauka anakatika, mwenye unyevu anapinda. Anamtazama ubavu kama bado unang'aa fedha au umeingia umanjano wa kunyeshewa. Ananusa. Ndipo anauliza, "Kopo shilingi ngapi?"

Hakuna hata moja kati ya hayo linalofanywa na mizani. Kwenye mizani mchanga una uzito na maji yana uzito, kwa hiyo dagaa mbichi aliyelala mchangani anampa muuzaji faida kuliko mkavu wa chanja. Anayenunua kwa kilo bila kufikicha amenunua ufukwe wa Kibirizi kwa bei ya dagaa.

Kumbukeni pia mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 kwa makubaliano ya nchi nne zinazolichangia: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Siulaumu uamuzi huo, samaki wanahitaji nafasi ya kuzaliana. Ila kipindi hicho kilikula sehemu kubwa ya kiangazi, yaani muda uleule ambao jua la kuanikia linaaminika. Akiba ilipozidi kupungua, kuletewa dagaa wa Mwanza mezani hapahapa Kigoma wapo walioliona kama tusi. Sasa jiulize ulihitaji nini ili kuwatambua. Wa Ziwa Victoria ni wadogo, na aliyelelewa huku anawajua kwa jicho kabla hajawajua kwa ulimi. Kilo yao na kilo ya wa kwetu ni kilo ileile.

Mawese ndiyo usiseme. Asubuhi za mwezi wa saba huwa na kaubaridi hapa, na mawese hugandia kwenye chupa: chini uji mzito wa rangi ya chungwa, juu mafuta mekundu yanayopitisha mwanga. Wauzaji huzisogeza chupa juani ziyeyuke. Mgeni akiona ule uji anadhani yamechanganywa na kitu, na nimeshashuhudia mtu wa kutoka Dar akitaka kuita mgambo. Mwenyeji anachovya ncha ya kidole na kuonja, maana mawese yaliyotokana na matunda yaliyokaa sana kabla ya kukamuliwa yanakwaruza koo. Lita ni lita kwenye chupa zote mbili, lakini moja utapikia migebuka wageni wasifu, na nyingine utawapa watu kikohozi. (Hapa huwa hakosi mtu wa kuleta kisa cha Wamalaysia kuja kuchukua mbegu Kigoma. Michikichi ya kwao inatajwa kuanzia miche minne iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, ikiwa imepitia Amsterdam na visiwa vya Bahari ya Hindi. Asili ni Afrika, sawa, lakini Kigoma tumejipachika wenyewe. Tunaweza kuyapenda mawese yetu bila hilo.)

Sisemi fungu ni malaika. Nimeshakuta nyanya iliyooza imelazwa ubavu mbovu ukitazama turubai. Kopo la maharage lililobonyezwa kitako kuelekea ndani lipo, na sado, kile kindoo cha kupimia, inayojazwa huku kiganja cha muuzaji kimeingia nusu nzima nayo ipo. Lakini dawa ya haya mteja anayo mwenyewe: geuza fungu, chungulia kopo, au hama. Mama anayekaa palepale kila Jumamosi anajua kwamba nikihama nahama na jirani zangu watatu. Mizani iliyochezewa utaigeuzaje? Sote tumewahi kusimama buchani tukiitazama sindano ikicheza, tukalipa, tukafika nyumbani nyama ikaonekana chache, na hatukuwa na la kusema kwa kuwa "mizani imesema".

Na hilo neno ushamba nalo tulitazame. Wasafiri wa Ulaya waliopita Ujiji miaka ya 1870 walikuta soko lililokusanya watu wa pande zote za ziwa na wafanyabiashara wa pwani, na chenji yake ilikuwa shanga zilizoitwa sofi. Vitambaa vilipimwa kwa mkono, bidhaa ziliwekwa chini zikatazamwa, watu wakapatana. Kama huo ulikuwa ushamba, ulikuwa ushamba uliounganisha Kongo na Bahari ya Hindi.

Kama kuna fedha ya kutumia sokoni, ianze na kivuli. Ikifika saa tano mchicha unalala, mama ananunua dumu la maji kuunyunyizia, na ikifika saa nane anauza mafungu mawili kwa bei ya moja ili asirudi nao nyumbani. Jumapili jioni ndiyo zaidi. Mimi mwenyewe hufaidika, nikitoka ibadani napita na kubeba mboga za siku tatu kwa buku. Najua kabisa kwamba punguzo hilo limelipwa na jua. Bati na bomba la maji vingemwongezea yule mama kipato kuliko mizani yoyote.

Sasa twende kwenye gunia, maana huko ndiko wizi uliko, na huko hakuna anayepiga kelele.

Mkulima wa ndani huko Kasulu anauza viazi au muhogo mkavu kwa gunia. Kisheria gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo kwenye vitabu. Kinachopakiwa kwenye roli ni lumbesa: gunia limeshindiliwa hadi limetuna, kisha juu limeongezewa kofia na kushonwa kwa kamba. Kofia hiyo ni mali ya mkulima ambayo hakulipwa. Akiuza maharage, yanapimwa kwa debe la mnunuzi, na debe hilo limetanuliwa kitako mpaka linabeba zaidi ya debe. Hapa jicho halisaidii kitu. Sita na tano za nyanya naziona, lakini hakuna binadamu anayetazama gunia lililotuna akajua kama ni kilo 110 au 130. Kwenye fungu, muuzaji na mnunuzi tunatazama kitu kimoja. Kwenye lumbesa, mmoja anajua na mwenzake anakisia, na anayekisia ndiye aliyelima.

Watu husema lumbesa ni roho mbaya ya walanguzi. Mimi naona hesabu zaidi kuliko roho. Kibarua wa kupakia analipwa kwa gunia. Nauli ya roli inakatwa kwa gunia. Hata mahali ushuru unapokusanywa, mara nyingi macho yanahesabu magunia. Ukipunguza idadi ya magunia kwa kuyajaza zaidi, umeokoa mara tatu, na anayelipia akiba yako ni mkulima. Ukitaka lumbesa ife, hesabu hizo zote zihamie kwenye kilo, na kila kijiji chenye ghala kiwe na mizani yake ya magunia, iliyohakikiwa, inayosimamiwa na mtu asiyekuwa mnunuzi. Kofia ikikosa faida, hakuna atakayepoteza kamba kuishona.

Shemeji yangu ananunua mazao upande huo, na tulibishana juu ya jambo hili Jumapili moja kwa kelele za kutosha hadi watoto wakatoka nje. "Shemeji, wewe unaandika tu," akaniambia. "Nikifungasha kilo mia kamili, mteja wangu Dar ataniambia gunia limepungua. Yeye anataka kofia. Nisipompa, ananunua kwa mwenzangu." Ana hoja, na ndiyo maana kuwakamata wakulima na vibarua kijijini hakujasaidia: anayeagiza lumbesa yuko mwisho wa safari, kwenye soko la kupokelea, na huko mizani ndiko inakotakiwa kuwa kali.

Nilimuuliza roli lake likitoka Kigoma linapita kwenye mizani ngapi za barabarani. Akaanza kunitajia moja baada ya nyingine, na faini alizowahi kulipa kwa kuzidisha uzito. Kwa hiyo kupima tunaweza. Lami inapimiwa usiku na mchana isidhurike. Muhogo uliopanda juu ya roli hilohilo ulipimwa kwa mguu wa kibarua aliyekuwa akiushindilia.

Hajaniafiki bado. Anasema akiacha lumbesa peke yake atafilisika kabla ya msimu kuisha, na hapo namwamini. Ila Wakala wa Vipimo upo na sheria ipo kwa ajili ya watu kama yeye, ili siku ya kuacha, waache wote kwa pamoja. Maofisa wakitafuta pa kuanzia, waende zao Kasulu wakamsubiri kwenye roli. Yule mama wa nyanya wampite tu, au wamnunulie fungu.