Mjomba na Viatu vya Italia

Mjomba wangu aliapa kuachana na nguo mpya za bei chee siku fulana yake ya kola, mpya kabisa kutoka dukani, ilipotoka kwenye maji ya kwanza ikiwa na mshono wa ubavuni uliohamia kitovuni. Fulana za bei ile hukatwa harakaharaka, kitambaa kikiwa kimepindishwa tofauti na mkondo wa uzi wake. Ukikilowesha, uzi unarudi ulikotaka kwenda tangu mwanzo. Mjomba hakutaka darasa. Alitaka kabati zima la mtumba, na alitaka pa kuanzia pawe suti, kwa sababu sendofu ya binti yake ilikuwa Jumamosi ileile.

Tukadamkia Karume, soko la mitumba la Dar es Salaam. Ukitaka kitu cha maana, fika wakati balo, lile furushi la nguo lililofungwa, linakatwa kamba. Mengi yana kilo 45 hivi, na wachuuzi wa rejareja ndio wa kwanza kuyavamia. Mchana bei inashuka, lakini kinachoshuka nayo ni kile ambacho watu hamsini wameshakishika na kukirudisha.

Koti tulilipata bila ugomvi. Bega ndilo linaloamua. Mshono wake ukiishia pale mfupa unapoishia, chukua. Kiuno fundi atakibana kwa dakika chache, ila bega likizidi itabidi afumue mikono na bitana, na hapo ufundi unaweza kugharimu kuliko koti. Kisha bana kitambaa cha kifuani chini ya kifungo cha mwisho, usugue kwa vidole viwili. Ukisikia tabaka la katikati linateleza peke yake, ndani mna kitambaa kilichoshonewa. Usipolisikia, limegandishwa kwa gundi, na siku likikutana na mvua au pasi ya moto kupita kiasi litaota mapovu kifuani. La Mjomba liliteleza vizuri. Nikachomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, nikauwasha kwa kiberiti: ukanuka nywele zilizoungua, majivu yake yakasagika kidoleni. Sufu hiyo. Poliesta ingeyeyuka ikaacha kitone kigumu.

"Wewe kijana, zima!" muuzaji akaruka. "Soko hili limeshaungua!"

Alikuwa na haki. Moto wa Januari 2022 haujasahaulika pale, na mimi nilikuwa nimesimama na kiberiti katikati ya lundo la nguo.

Suruali tuliielekeza juani, tukatazama paja la ndani, maana ndipo inapochoka kwanza. Nyuma ilikuwa na akiba ya sentimita tatu kwenye mshono, na tumbo la Mjomba lilizihitaji zote tatu. Shati halikutuchelewesha: kola safi, kwapa safi, basi.

Shida ilianzia kwenye viatu.

Mjomba aliviona kabla yangu. Vyeusi, ngozi halisi, ndani vimeandikwa Italy, na chini soli haina mkwaruzo hata mmoja. Mjomba husoma lebo kama hati ya kiwanja. Akaviinua juu soko zima livione.

"Mpwa wangu, hivi havijawahi kukanyaga hata lami!"

"Elfu sitini, mzee," muuzaji akasema. "Kwa sababu ni wewe."

Nikakichukua kimoja, nikabonyeza ukucha kwenye kisigino. Soli ya mpira mzima inausukuma ukucha nje na haibaki na alama. Hii ilimeza ukucha, na shimo likabaki pale linanitazama. Nikakikunja kidogo pale vidole vya mguu vinapokunjia: nyufa nyembamba, unene wa unywele.

"Mjomba, hivi vimekufa."

"Vimekufaje, na havijavaliwa?"

"Vimekufa vikisubiri kuvaliwa."

Nikamweleza. Soli nyingi nyepesi za viatu vya ofisini ni za poliurethani, ile wanayoiita PU. Unyevu wa hewa hujipenyeza ndani yake na kukata viungo vya kemikali vinavyoishikilia, na joto linaharakisha kazi. Hesabu ya umri inaanzia siku kiatu kilipotoka kiwandani. Siku ya kwanza kuvaliwa haihusiki. Kikishapita miaka mitano, kumi, kinaweza kusambaratika hata kama kimelala kwenye boksi. Sasa mtu wa Ulaya alikiweka kabatini miaka yote hiyo, kikaja kwa meli, kikafikia joto na jasho la Dar. Kwa hiyo kwenye mtumba kiatu cha PU kisichovaliwa kabisa ndicho cha kuogopa; bora kile kilicholika kisigino kidogo kwa kutembelewa juzijuzi.

Mjomba alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima zote.

"Elfu arobaini na tano," akamwambia muuzaji.

Jumamosi, ukumbini Sinza, vigae ni vyeupe. Ukumbi ungekuwa na zulia, mambo mengi yasingejulikana. Mjomba alikuwa amesimama nje getini saa nzima akipokea wageni, lami ikiwaka chini yake. MC akaita wazazi waingie na shoo yao. Mjomba na mkewe wakaanza kushuka katikati ya meza, na nyuma ya Mjomba vikafuata vipande vyeusi, kimoja kila hatua. Dada wa usafi akaja na ufagio akifagia kwa mwendo uleule wa muziki.

"Baba mzazi kaja na udongo wa nyumbani!" MC akashangilia.

Karibu na meza ya wakwe, kisigino cha kushoto kilibaki. Mjomba aliendelea. Mguu mmoja ukawa chini, mmoja juu, bega likapanda na kushuka, na kwa kuwa alikuwa bado anatabasamu, wageni wakadhani ndiyo staili. Meza tatu zikasimama kumuiga. Anti, mkewe, naye akaiga, maana wanandoa wanacheza pamoja. Kisha soli ya kulia ikang'oka yote, na Mjomba akawa sawasawa tena, ila mfupi kwa sentimita tatu. Suruali fundi alikuwa ameipima akiwa amevaa viatu. Pindo likaanza kufagia vigae, na dada wa usafi akapata msaidizi.

Mzee mmoja wa upande wa wakwe akaokota kile kisigino, akakifunga kwenye leso, akakileta meza kuu kwa mikono miwili. Kikawekwa pembeni ya keki. Mpiga picha akakipiga picha.

Jumatatu nilivipeleka kwa fundi viatu, kwa sababu ngozi ya juu ilikuwa haina kasoro. Alikwangua PU yote hadi ikabaki ngozi tupu, kwa kuwa gundi ukiipaka juu ya kitu kinachomeguka itashika unga, na unga hauna pa kujishikiza. Akapiga msasa, akapaka gundi ya viatu pande zote mbili, akaiacha hadi kidole kikigusa hakinati, ndipo akagandamiza soli ya mpira na kuizungushia mshono. Elfu ishirini. Nilimuuliza Mjomba kama jumla ya sitini na tano inamuuma. Akasema tusizungumzie hela mbele ya fundi.

Wiki iliyofuata alirudi Karume peke yake kutafuta viatu vya kazini, akiwa na elimu yake mpya. Muuzaji alinipigia simu mwenyewe.

"Kaka, njoo umchukue mzee wako. Kaweka ukucha kwenye kila kiatu cha meza yangu, cha mpira, cha ngozi, hata malapa. Sasa wateja niwaambie nini, panya?"