Mguu haupo, maumivu yapo

Kijana wa bodaboda aliyekatwa mguu akisema vidole vya mguu ule ule vinamwaka moto, ndugu hugawanyika. Wengine wanasema kachanganyikiwa, wengine wanatafuta mganga. Hapa Dar nimeyasikia yote mawili, na yote mawili yananikera, kwa sababu jambo lenyewe si geni: Silas Weir Mitchell, daktari wa Marekani aliyewatibu askari waliokatwa viungo vitani, aliliandika tangu 1871.

Ubongo haujui mguu uko wapi kwa kuutazama tu. Ndani ya misuli kuna vipokezi vinavyopima jinsi inavyovutika kila unapokunja goti. Ndiyo maana konda, huku kabanwa mlangoni mwa daladala, anachambua noti vidoleni wala hazitazami. Habari za misuli, za ngozi na za macho hukutana ubongoni, na ubongo hausikilizi zote sawasawa: zinazoonekana za kuaminika zaidi kwa wakati huo ndizo zinazopewa uzito. Mchana macho hutawala. Umeme ukikatika, mkono unashika usukani.

Na macho yakitawala yanaweza kudanganya kweli kweli. Mwaka 1998 watafiti Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walificha mkono wa mtu nyuma ya kizuizi, wakaweka mkono wa mpira mbele yake, kisha wakaipapasa yote miwili kwa brashi kwa wakati mmoja. Baada ya muda watu wakahisi mguso unatoka kwenye mpira. Walipofumba macho na kuambiwa waonyeshe mkono wao ulipo, walielekea upande wa ule wa bandia! Watu wazima hao, wenye akili timamu.

Sasa mguu ukikatwa, ramani yake ubongoni, yaani sehemu ya ubongo inayopokea habari zake, haikatwi nao. Mishipa ya fahamu iliyobaki kwenye kigutu nayo huendelea kupiga kelele, na hakuna jicho wala ngozi ya kusahihisha. Mwaka 1996 watafiti V. S. Ramachandran na Diane Rogers-Ramachandran walichapisha kazi yao ya kutumia kioo cha kawaida: mgonjwa anatazama taswira ya kiungo kizima kikitembea mahali ambapo kile kingine kingekuwa, na baadhi ya wagonjwa wakapata nafuu. Si wote. Tafiti za baadaye zimepishana, kwa hiyo anayekuuzia kioo kama tiba ya uhakika mkimbie.

Lakini kioo cha kabati Kariakoo hakimfilisi mtu, na kujaribu chini ya uangalizi wa mtaalamu wa mazoezi ya viungo si kosa. Ninachodai mimi ni kidogo kuliko hicho. Kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji, aambiwe yeye na mama yake na mkewe: huenda mguu huu ukaendelea kuuma hata ukiwa haupo, na ukiuma, njoo useme, kuna dawa na kuna mazoezi.